Taa Tuliyoiona Sote

Leo twataka kuwaeleza habari ya gari moja kuukuu na taa moja ya onyo, na jinsi sisi wazee wanne wa kamati tulivyokaribia kumtia hasara mjane wa kanisa letu.

Kanisa letu liko Eastlands, hapa Nairobi, si mbali na barabara ya Jogoo. Washiriki wetu watoka Makongeni, Maringo, Jericho, Buruburu, na wengine Umoja na Kayole. Kamati yetu ni ile ya arusi na mazishi. Mtu akifiwa, au akioza binti yake, sisi ndio hutafuta viti, hema, sufuria na gari. Viti na sufuria tunavyo. Shida yetu siku zote imekuwa gari.

Basi alikuwako mzee mmoja, mshiriki mwenzetu, aliyejinunulia gari la fahari alipostaafu: BMW 735i ya mwaka 2004. Labda mtashangaa gari kama hilo lafanya nini Buruburu. Jambo lenyewe si gumu. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi umri wa miaka 8, kwa hiyo magari ya wakubwa wa nchi za nje hufika Mombasa yakiwa na miaka saba hivi, na bei yake imeporomoka. Mtu mwenye akiba ya kazi ya miaka thelathini aweza kulipata. Lakini bei ya kununua ndiyo hushuka. Bei ya kulitunza haishuki hata kidogo, na hilo wengi hulijua wakiwa wamekwisha kulinunua.

Mzee yule alilitunza. Kila Jumamosi aliliosha mwenyewe, wala hakuruhusu mtoto kuligusa. Alipofariki, mkewe, ambaye hakujua kuendesha, alituita akasema, "Wazee, afadhali litembee kuliko kuoza hapa. Lichukueni kwa arusi na mazishi. Petroli mtatia ninyi." Tukamshukuru sana. Tangu siku hiyo maharusi wetu wakawa hawaendi tena kanisani kwa gari la kuazima mjini. Tuliona fahari, hatutaki kuwaficha.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyokwenda. Mwenzetu wa kwanza alilichukua kwa arusi, mwezi wa Julai, wakati wa baridi. Foleni ilikuwa imekaza tangu Makadara mpaka City Stadium. Walipokuwa wamesimama pale, maandishi yakatokea mbele yake kwenye kioo kidogo, pamoja na mchoro wa gurudumu lenye meno. Maandishi yalimwambia kwamba giaboksi imepata joto kupita kiasi, aendeshe polepole. Bibi arusi alikuwa nyuma na shela lake. Mwenzetu akaona haya kusimama. Akazima injini, akaiwasha tena, na yale maandishi yakapotea. Akamshukuru Mungu, akaendelea. Jioni alirudisha ufunguo akasema, "Gari liko salama."

Wa pili alikwenda nalo mazishini upande wa Machakos, watu watano ndani na mizigo nyuma. Katika kupanda, mchoro ule ule ukatokea, na baada yake onyo jingine la kusema maji yamepungua. Alisimama penye kibanda, akanunua dumu la maji ya bomba, akayamimina yote. Taa zikazima. Hakumwambia mtu, maana alijua angeulizwa kwa nini alikuwa akikimbiza. Wa tatu alipoliona alijiambia kwamba gari kuukuu lina taa nyingi kama mji wakati wa Krismasi, na mtu mzima hababaishwi na taa. Wa nne kati yetu, ambaye sauti yake ndiyo mnayoisikia sasa, aliliona mara mbili.

Ile mara ya pili ilikuwa barabara ya Outering. Gari lilishtuka kama limegongwa kwa nyuma, kisha likakataa kubadili gia. Injini ililia, mwendo ukawa mdogo. Tukalifikisha kwenye gereji iliyokuwa karibu kwa kuvutwa na kamba. Mtu wa gereji alifungua boneti, akainama, akanusa, akafuta mikono. "Giaboksi imekufa," alisema. Alijua mahali ilipo nyingine, imetolewa katika gari lililopata ajali, shilingi 160,000, na kazi mbali. Kabla jua halijatua, dalali alikuwa amekwisha kufika nyumbani kwa mama yule. Alimpa bei ya gari zima ambayo ingenunua pikipiki moja nzuri. Alimwambia kwa upole kwamba anamsaidia.

Mama alitupigia simu usiku. Hakulia. Aliuliza tu, "Niuze?" Kumbe lile gari ndilo lililokuwa akiba yake ya mwisho, na alikuwa amepanga kuliuza mwisho wa mwaka, likiwa zima, ili mjukuu wake aanze chuo.

Tulikutana kanisani siku ya pili, tukaamua kufanya harambee. Tuliona ni jambo jema na la upendo. Tulikwisha kuandika ahadi za shilingi 40,000 alipoingia kijana mmoja, fundi wa Kariobangi Light Industries, aliyelelewa katika shule yetu ya Jumapili. Alikuwa amesikia habari. Akauliza, "Wazee, mlipima nini?"

Tukamwambia fundi amesema giaboksi imekufa.

"Ndiyo, lakini alipima nini?"

Hatukuwa na jibu. Alikuwa amenusa. Kijana akaomba gari lirudishwe kwa mama, likae usiku kucha bila kuwashwa, na asiliguse mtu. Wengine wetu tulinung'unika kwamba anatupotezea siku, na dalali alikuwa amesema bei yake ni ya wiki hii tu.

Alifika saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Julai ikiuma. Jambo la kwanza hakufungua boneti. Alimwomba mama ruhusa ya kuvuta lile katoni lililokuwa chini ya gari siku zote. Mama akasema, "Hilo ni la mume wangu. Aliliweka ili sakafu isichafuke." Kijana akalivuta, akalipeleka kwenye mwanga. Palikuwa na doa kubwa la hudhurungi katikati, lenye mafuta, na upande wa mbele doa jingine lililokauka, lenye ukingo mweupe. Akaweka kidole kwenye lile la kati, akanusa. "Hii ni oili ya giaboksi. Hili la mbele ni maji ya rejeta." Ndugu wasikilizaji, lile katoni tulikuwa tumelikanyaga kila Jumamosi tulipokuja kuchukua ufunguo.

Kisha akachomeka mashine yake ndogo ya kusomea kompyuta ya gari, bila kuwasha injini. Akasoma joto la hewa, joto la maji ya injini na joto la giaboksi. Yote matatu yalikuwa nyuzi 14 au 15. Alitueleza maana yake. Gari lililolala usiku mzima limepoa sehemu zote sawasawa. Kama kipimo cha giaboksi kingesema nyuzi 60 asubuhi ile, tungejua kipimo ndicho kiongo, na giaboksi yasingiziwa. Lakini vipimo vyote vimekubaliana, basi onyo ni la kweli. Na tena, kipimo hicho kimefungwa ndani kabisa ya giaboksi, pamoja na kompyuta yake, kwa hiyo yule asemaye "badilisha sensa tu" hajui analolisema.

Hapa yafaa tueleze kidogo giaboksi ya namna hii hupataje joto, maana hata sisi hatukujua. Gari lenye kilachi ya mguu, dereva hukata kilachi akisimama, na injini huzunguka peke yake. Gari la giaboksi otomatiki halina kanyagio hilo. Kati ya injini na gia mna chombo cha mviringo, kiitwacho koniveta, ambacho ndani yake mna feni mbili zinazotazamana katika oili. Injini yazungusha feni ya kwanza, oili yasukuma feni ya pili, na ya pili ndiyo yazungusha gia. Ukiwa kwenye foleni umekanyaga breki, feni ya pili imezuiwa na ya kwanza yaendelea kuikoroga oili. Nguvu ile haipotei, hugeuka joto. Ndivyo ilivyo katika kupanda mlima na mzigo pia. Kwa hiyo oili yenyewe husafirishwa kwa bomba hadi kwenye kipozeo kidogo karibu na rejeta, ambamo oili hupita upande mmoja na maji ya injini upande wa pili. Oili huyaachia maji joto lake, kisha hurudi.

"Basi, wazee," alisema kijana, "joto likizidi ni mambo mawili. Ama lazaliwa jingi mno, ama halitolewi. Na mlango wa kulitolea ni maji. Mtu akiambiwa giaboksi ina joto, akimbilie kutazama maji kwanza."

Giaboksi ile, iliyotengenezwa na ZF ya Ujerumani, ina gia sita, na haina kijiti cha kupimia oili. Gari lazima liinuliwe lilale sawa, injini iwe ikiwaka, na oili iwe na joto kati ya nyuzi 30 na 50. Ndipo kizibo cha pembeni hufunguliwa, na oili ikichuruzika kidogo imetosha. Ukipima ikiwa ya moto sana, oili imetanuka, itamwagika, nawe utadhani imejaa kumbe imepungua. Kijana aliliweka juu ya stendi nne za chuma, akawasha, akakodolea macho mashine yake. Ilipofika nyuzi 38 alifungua kizibo. Halikutoka tone. Akatia oili ya aina yake yenyewe, kidogo kidogo, karibu lita moja na nusu, ndipo ikaanza kuchuruzika. Ilikuwa ikivuja penye kola ya mpira, pale nyaya zinapoingia. Mpira wa miaka karibu ishirini, umekauka kama kaimati ya juzi.

Sisi tukashangilia. Tulidhani kazi imekwisha. Mwenzetu mmoja alikwisha kushika simu ili aahirishe harambee. Kijana akasema tungoje jioni.

Saa kumi na moja akaliingiza barabara ya Jogoo, kwenye foleni, akiwa na mmoja wetu pembeni kusoma namba. Nyuzi 85. Nyuzi 94. Pale Hamza, 103. Wakakaribia mzunguko wa City Stadium, 116, nayo yapanda bado. Kijana akaingia kando, akaweka gia ya kupaki, akaiacha injini ikinguruma. Mwenzetu alinyosha mkono azime, kama tulivyozoea. Akamzuia: "Mzee, ukizima, pampu ya oili imesimama, na maji yamesimama. Oili yabaki pale pale na moto wake. Taa itazima, lakini joto litakuwa limefungiwa ndani." Kwa hiyo ile dawa yetu ya kuzima na kuwasha, ambayo kila mmoja alijivunia moyoni, ndiyo iliyokuwa ikiitesa. Kuzima kuna wakati wake: wakati maji ya injini yenyewe yanachemka au oili inamwagika chini. Vinginevyo, simama, iache inguruma bila mzigo, ipoe.

Akatoa kipimajoto kile cha kulenga kwa mwanga, akalenga bomba la oili liingialo katika kipozeo, kisha litokalo. Yalikuwa karibu sawa. Oili iliingia na moto wake ikatoka nao. Kipozeo hakikuwa kikifanya kazi yoyote.

Kesho yake alifungua mpira wa chini wa rejeta. Yaliyotoka hayakuwa maji, yalikuwa uji wa kahawia, kama mfereji wa Gikomba baada ya mvua. Maji matupu katika injini huleta kutu, kwa sababu ile dawa ya rangi iitwayo kulanti ndiyo inayozuia kutu, nayo husaidia maji yasichemke upesi. Jambo hili lafaa kukumbukwa na sisi tukaao Nairobi. Mji wetu uko juu ya bahari kwa mita kama 1,700, na sufuria ikiwa wazi jikoni maji huchemka kwa nyuzi 94 au 95 tu, si 100 kama Mombasa. Injini kama hii hufanya kazi ikiwa na joto la kiasi hicho hicho, au zaidi. Kinachoyazuia maji yasichemke ni kifuniko chenye kubana, pamoja na ile dawa. Maji yalikuwa yakivuja polepole penye kiungo cha mpira, na kila yalipopungua mmoja wetu alitia ya bomba. Dumu la Machakos halikuwa la kwanza wala la mwisho.

Alifungua na tangi la chini la giaboksi, ambalo ni la plastiki na lina chujio lake ndani. Hapo ndipo sote tulinyamaza, kwa kuwa hapo ndipo ungejulikana uzima au mauti. Ndani mna sumaku ndogo za kukamata vumbi la chuma. Kijana alizifuta kwa kitambaa cheupe, akatuonyesha. Ulikuwa ute wa kijivu, laini kama majivu yaliyolowa. "Huu ni uzee," akasema. "Kama ningeona vipande vinavyong'aa, ningewaambia mkanunue ile nyingine." Oili ilikuwa nyeusi kuliko ilivyopasa, lakini haikuwa na ile harufu ya mkate ulioungua. Walioliuza gari jipya waliandika kwamba oili hiyo ni ya maisha yote ya gari. Walioitengeneza giaboksi wao hushauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Hili lilikuwa na kilomita 190,000, na hatukupata karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba imewahi kubadilishwa.

Oili mpya, tangi na chujio lake, ile kola, kipozeo, mipira miwili na kulanti iliyochanganywa na maji safi ya betri: vyote pamoja na kazi vilikuwa chini ya nusu ya bei ya giaboksi ya ajali. Na tufikirie, kama tungeinunua ile nyingine tukaifunga kwenye kipozeo kile kile kilichoziba, ingeungua nayo kabla ya Krismasi, kwa fedha za harambee.

Lakini kabla hajafunga, kijana alikuwa na swali moja. Alilitoa mbele ya mama, pale uani, akiwa bado amelala chini ya gari. "Taa hii ilianza kuwaka lini? Nataka kujua imeungua mara ngapi, ili nimwambie mama kweli kama italifikisha gari miaka miwili au mitano."

Tukatazamana. Yule wa arusi alikohoa. Akasema kwamba, kwa kweli, hata siku ile ya Julai ya kwanza iliwaka. Wa Machakos akatazama viatu vyake, akasema nayo siku ile iliwaka, na maji pia. Wa tatu akasema alidhani ni kawaida ya gari lile. Na sisi wa nne tukasema mara mbili. Haikuwa rahisi, ndugu wasikilizaji. Tulikuwa tumekaa pamoja katika kamati ile miaka mingi, tumezika watu pamoja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amemwambia mwenzake wakati wa kumpa ufunguo. Kama yule wa kwanza angesema, ingekuwa kola ya mpira na kibuyu cha kulanti. Na kama yule wa kwanza asingesema, angeweza kusema wa pili.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Mikono yake ilikuwa na unga, alikuwa akisonga ugali wa watu wa kazi. "Kwa hiyo mliiona wote," alisema. Akarudi jikoni.

Harambee tuliifuta, na waliokwisha kutoa tuliwarudishia. Gharama tuliigawa kwa wanne, na mmoja wetu alilipa kwa miezi mitatu. Dalali alirudi mara mbili. Mama alimkaribisha chai.

Desemba gari liliuzwa kwa mwalimu mmoja wa Donholm, kwa bei ya haki. Kijana wetu alikaa na mnunuzi saa nzima, akamweleza yote: ilivuja wapi, ilipata joto mara ngapi, nini kimebadilishwa na nini hakijabadilishwa, na kwamba asingeapa juu ya miaka mitano. Mwalimu alipunguza shilingi 20,000 kwa sababu ya maelezo hayo. Tulimtazama mama kwa woga. Alikubali mara moja, akaomba aandikiwe katika karatasi.

Tangu hapo maharusi wetu huenda kanisani kwa matatu ya kukodi, tumeifunga riboni. Ina dereva wake, na kwenye dashibodi pamefungwa daftari kwa uzi. Jumamosi iliyopita tulilifungua. Palikuwa na mistari miwili kwa mkono wa wetu yule wa Machakos: taa ya breki imewaka penye mteremko wa kuingia Kayole, saa nane na robo, amemwambia mwenye gari.